Nywele za Jumapili

Jumanne, 7 Agosti 2018

Baridi kali tena. Maji kwenye ndoo za farasi yameganda juu, nimeyavunja kwa mpini wa ufagio. Noella nimemwacha kwa Mama Sifa, jirani wa chumba cha pili, bado amelala, soksi mguu mmoja. Ya pili nimeikuta mfukoni mwangu ndani ya teksi. Pole, mwanangu.

Nimeanza na banda la Lulu. Yeye ndiye mdogo kuliko wote, mwoga wa kila kitu, hata wa toroli. Nikiinama ananipumulia shingoni. Ndiyo hita yangu hiyo.

Saa ya chai tumeitwa kantini wote. Madam Thandeka, meneja mpya, amebandika mchoro ukutani: klabu yetu ya mbio itakavyokuwa baada ya miaka kumi. Jukwaa jipya. Bustani ya watoto. Shule ya kufundisha watu kupanda farasi. Taa za uwanja. Miti mikubwa ambayo hatuna. Nimeupenda, siwezi kudanganya. Sisi ni klabu ndogo ya mkoa, tunaona wazee wale wale kwenye viti vile vile, na kiwanja cha jirani kimeshakuwa maghala tu. Amesema wazi: klabu ikue, ama wenye ardhi watauza. Tukapiga makofi.

Halafu jambo la mwisho. Ili watu waje na familia zao, mbio zihame kutoka Jumamosi kwenda Jumapili.

Mikono yangu ikabaki hewani.

Kila idara itatoa mtu wa kusema mbele ya kamati mwisho wa mwezi. Bra Vusi, mkubwa wetu wa mabandani, akanyoosha kidole kwangu. "Huyu, Mama Noella. Anajua kukataa. Mimi ananikatalia kila siku." Wakacheka wote. Basi, mdomo wa watunza farasi ndio mimi. Mimi ambaye sekondari sikumaliza.

Alhamisi, 9 Agosti

Sikukuu ya wanawake hapa. Shule zimefungwa. Farasi hawana sikukuu, wanataka kula.

Nimefikiria Jumapili siku nzima. Mume wangu Déo analinda ghala usiku. Mimi natoka kabla jua halijatoka. Tunapishana mlangoni, yeye na tochi yake, mimi na gambuti zangu. Tunalala kitanda kimoja kwa zamu kama watu wa kambini. Jumamosi ni mbio, siku yangu ngumu kuliko zote. Inabaki Jumapili. Mwaka mzima aliomba wampe Jumapili ya mapumziko, na wamempa juzi tu, baada ya Pasaka.

Wakiichukua hiyo, sisi tutakuwa nini? Majirani.

Jumapili, 12 Agosti

Kanisa, kwenye ukumbi wa shule. Tumeimba mpaka sauti imekwisha. Nyumbani bukari na sombe, ugali na kisamvu cha kwetu, Déo amekula sahani mbili.

Halafu nywele. Noella chini kwenye mkeka, mgongo kati ya magoti yangu. Namsuka kwa uzi mweusi, kama mama yangu alivyonisuka Lubumbashi: nazungusha uzi toka mzizi mpaka ncha, kila fungu linasimama kama kijiti, kisha naziunganisha ncha, zinakuwa madaraja madogo juu ya kichwa. Déo anakaa mbele, anashika kichwa kisicheze. Anamwambia hadithi za uongo mtupu. Noella anamjibu kwa Kizulu cha krechi, shule yake ya watoto wadogo, Déo anajifanya ameelewa.

Nilisuka vichwa vingi saluni hapa mtaani kwetu Yeoville kabla ya kupata kazi ya farasi. Hiki kimoja tu ndicho nasuka polepole.

Jumatano, 15 Agosti

Nimezunguka mabandani kuuliza watu. Nusu wanasema ndiyo, nusu hapana. Wale wa kanzu nyeupe wanaosali mlimani wamesema Jumapili hawashiki hata ufagio. Bra Vusi anataka. Anasema watu wasipokuja farasi watauzwa, na yeye amezeeka, hakuna wa kumpa kazi nyingine. "Wewe bado msichana, utarudi saluni. Mimi nitasuka nini, upara wangu?"

Nimecheka. Lakini ana haki. Hilo ndilo linanichosha. Kila ninayemuuliza ana haki.

Jumamosi, 18 Agosti

Sijui niandike vipi. Nimefanya kosa la ajabu.

Asubuhi Noella ameamka nikitoka. Ameniuliza kama leo ndiyo siku ya nywele. Nikasema hapana, kesho. Akauliza tena. Akalia, ameshika koti langu, Mama Sifa akamvuta taratibu. Nimelia kwenye teksi mpaka robot ya pili, zile taa za barabarani, nikajifuta.

Siku ya mbio kazi yangu ni kusuka singa za shingoni. Mafungu madogo, yanakunjwa, yanashonwa, yanakaa kama vifundo safi kwenye mstari. Nafanya hata macho yakiwa yamefungwa. Leo nilimwacha Lulu awe wa mwisho. Mikono ilikuwa kwake, akili ilikuwa mlangoni kwangu. Nilikuwa namsemesha, "tulia mama, karibu tunamaliza," na yeye ametulia kabisa, mwoga yule.

Bra Vusi akaingia na hatamu. Akasimama. "Hau! Mama Noella! Huyu unampeleka kanisani?"

Nikatazama. Singa za Lulu zimesimama zote, zimezungushwa uzi, ncha zimeunganishwa. Madaraja. Nywele za Noella za Jumapili, kamili, juu ya shingo ya farasi wa mbio.

Hakukuwa na nafasi ya kufumua. Walikuwa wanaita farasi uwanjani. Nimemwongoza mwenyewe mbele ya watu, uso wangu unawaka. Mpanda farasi amecheka mpaka kofia imemshuka. Watu wametoa simu. Wazee wa viti vyao wamesimama, wale wasiosimama hata timu ya taifa ikifunga bao.

Lulu amekuwa wa nne. Hakuogopa kelele hata kidogo.

Nimefumua peke yangu bandani baadaye. Aibu. Lakini alikuwa mzuri, Mungu anajua.

Jumatatu, 20 Agosti

Madam Thandeka ameniita ofisini. Nilifikiri ni onyo. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuomba msamaha.

Kumbe picha za Lulu zimezunguka kwenye simu za watu. Wanauliza yule farasi wa nywele atakuwepo lini tena. Madam alikuwa anatembea huku na huku, hawezi kukaa. Ameniambia mpango wake: kila Jumapili hema la misuko. Watoto wanakuja, wanaona farasi wakisukwa, na wao wanasukwa vilevile. Mkubwa wa hema ni mimi. Wasaidizi, sare, mshahara mzuri kuliko huu. Ameshalichora hema kwenye ule mchoro wa ukutani, kwa kalamu nyekundu. "Nimehangaika miezi kutafuta kitu cha kuwaleta watoto, Mama Noella, kumbe kilikuwa mikononi mwako."

Ni mtu mwema. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya.

Nimetamani. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Hakuna mtu aliyewahi kunichora ukutani.

Nimeomba anipe muda mpaka siku ya kamati.

Alhamisi, 23 Agosti

Nimemwambia Déo mlangoni, yeye anaingia, mimi natoka. Amesema nikubali. Amesema kazi ni kazi, hii ni nchi ya watu, tusichague siku. Nimekasirika. Nimeondoka bila kumuaga.

Alasiri nimerudi, nimemkuta hajalala. Amemkalisha Noella kwenye mkeka, uzi mweusi umemzunguka vidole mpaka kiganjani. Anajaribu. Eti akijifunza kusuka, mimi nitakuwa huru kwenda kazini Jumapili. Noella anapiga kelele: "Papa, eish! Inauma!" Kichwani ana pembe moja, imelala upande kama kibanda kilichopigwa na upepo.

Nimecheka mpaka nimekaa chini. Halafu nimelia. Déo naye amekaa chini. Amesema hataki kuikosa Jumapili, anaogopa tu. Aliogopa nikikataa watanifukuza. Kumbe sote tunaogopa kitu kimoja, kila mtu kwa upande wake.

Nimemwambia: nitakataa kwa adabu. Lakini nitakataa.

Akaanza kufungua uzi vidoleni.

Jumanne, 28 Agosti

Kesho kamati. Nimepiga pasi gauni la kanisani. Noella ameuliza kama ni Jumapili. Kila nguo safi kwake ni Jumapili.

Jumatano, 29 Agosti

Imekwisha.

Meza ndefu, chai kwenye vikombe vyembamba, mchoro umehamishiwa huko. Nimesema kwanza ya wenzangu, wote, hata yale nisiyoyapenda. Kwamba wako wanaotaka Jumapili na wana sababu. Kwamba wako wanaosali na wasifukuzwe kwa hilo. Kwamba waanze kidogo, Jumapili moja kwa mwezi, kwa zamu ya wanaojitolea, na watoto wa wafanyakazi waingie bure kwenye hiyo bustani iliyochorwa. Bra Vusi alikuwa amekaa nyuma, anatikisa kichwa kukubali. Hata yeye.

Halafu nikasema la kwangu. Hema, hapana. Nitafundisha mtu mwingine siku za wiki, kila kitu ninachokijua, sitaficha hata fundo moja. Jumamosi nitasuka kama kawaida. Jumapili sitakuja.

Madam Thandeka aliniangalia sana. "Mama Noella, unaelewa unachokiacha?"

Nikasema naelewa.

Mzee mmoja wa kamati, wa kofia ya majani, akauliza kama mimi napinga klabu kukua. Hakuuliza kwa ubaya. Nilitaka kusema mengi. Nikasema tu: "Hapana, baba. Naomba ikue. Mwanangu naye anakua, na mimi nashinda naye siku moja tu kwa wiki."

Mtu akakoroga chai isiyo na sukari. Nikaomba ruhusa, nikarudi kwa Lulu, alikuwa hajapewa maji.

Jumatatu, 3 Septemba

Wameamua. Jumapili moja kwa mwezi, kuanzia Oktoba. Wanaojitolea tu. Mwakani wataangalia tena. Bra Vusi amenipiga bega mpaka nimeyumba. "Sharp, Mama Noella. Lakini mwakani watarudi, uwe tayari." Najua watarudi.

Hema watampa Zodwa, msichana kutoka saluni ya huku karibu. Ndiye atakayemsuka Lulu siku hiyo. Nimeanza kumfundisha leo. Ana vidole vyepesi, anamwogopa Lulu, Lulu anamwogopa yeye. Nikawaambia wote wawili watulie.

Imeniuma. Sikutegemea itaniuma hivi.

Alhamisi, 20 Septemba

Zodwa amemaliza madaraja yote leo bila mimi kugusa. Amemwita Lulu "sisi", yaani dada. Lulu akampumulia shingoni. Nilikuwa nimeshika ndoo, nikageuka upande wa pili kidogo.

Jumamosi, 6 Oktoba

Wamepaka rangi uzio. Wameweka bembea mbili. Miti mirefu bado haipo, kuna miche tu, imefungwa vijiti. Madam Thandeka amepita mabandani jioni, amechoka, kiatu kimoja mkononi. Amesema, "Kesho tutakukumbuka." Nikamwambia awape farasi maji mapema, kutakuwa na joto. Akacheka. Akanikumbatia, mimi na harufu yangu yote ya banda.

Nimemwachia Zodwa uzi wangu.

Jumapili, 7 Oktoba

Mahubiri marefu leo. Jua limeingia mpaka miguuni mwetu. Njiani maua ya zambarau yameanza kudondoka, Noella ameyakusanya, kisha ameyasahau kwenye benchi la kanisa.

Bukari, samaki wadogo. Déo ameosha vyombo.

Tulipokaa kwa ajili ya nywele, simu imelia. Bra Vusi ametuma picha. Jukwaa limejaa. Watoto wamening'inia kwenye uzio kama nguo. Katikati Lulu, kichwa juu, madaraja yake yamesimama, moja limepinda kidogo upande wa sikio. Nimeitazama muda mrefu. Nimefurahi kwa ajili yao. Na kidonda kidogo nacho kipo, sitakificha humu.

Noella amechungulia. "Mama, ana nywele zangu."

"Ndiyo, zako."

"Nani alimshika kichwa?"

Nikasema sijui. Pengine Bra Vusi. Akafikiri. Akasema aambiwe amshike vizuri, inauma akicheza. Nikasema nitamwambia.

Sikuandika jibu. Nimeiweka simu juu ya kabati, uso chini.

Amelala kabla sijamaliza upande wa kushoto. Amelala ameketi, mdomo wazi, mgongo wake wa moto kwenye magoti yangu. Nilitaka kuacha, nimalizie kesho, halafu nikakumbuka kesho sipo. Déo alisogea karibu, akakishika kile kichwa kwa viganja vyote viwili, akakaa hivyo bila kutikisika. Nikasuka polepole mpaka mwisho.