Siku ya Tisini ya Vifuko vya Mafuta

Jumatatu, 23 Septemba
Siku ya themanini na saba kati ya tisini za jaribio. Vifuko vyangu vya mafuta bado vina upana wa nanomita tisini na mbili, na dawa ya saratani imetulia ndani kama siku ya kwanza. Mji mzima wa Szeged hakuna aliyefika hapo! Na Profesa Gellért anaviitaje? "Mayonezi ya Boróka" — Boróka ni mimi. Ijumaa huyu ndiye atakayeisimamia kazi yangu mbele ya kamati ya hospitali — wakikubali, wagonjwa wanaanza kupewa. Leo idara imejadili keki ya siku ya jina lake, yaani sikukuu ya mtakatifu wake, saa nzima. Dawa, dakika nne.

Jumanne, 24 Septemba
Leo ni Mtakatifu Gellért, basi kazi imekufa. Pálinka, pombe kali ya aprikoti, saa nne asubuhi! Keki ya ghorofa tatu, eti lazima ikae kwenye baridi hadi mchana. Profesa akarudia kisa chake cha Vienna, na watu wazima wenye shahada wakacheka palepale walipocheka mwaka jana. Nikasimama dirishani nikiwadharau mmoja mmoja. Fundi wa maabara, Vilmos, akaja nyuma yangu na swali. Miaka sitini, bado anauliza kila kitu! Nikamjibu bila kugeuka.

Jumatano, 25 Septemba
Kwenye friji, mahali pa sanduku langu la chupa za dawa — nusu keki. Sanduku liko kwenye friza. Nyuzi themanini chini ya sifuri! Barafu inapasua vifuko. Nimeyeyusha chupa moja: chengachenga, kama maziwa yaliyokatika. Nanomita elfu moja na mia nne. Dawa yote imevuja.
Nimemfokea Vilmos mbele ya wote. Nimemwita mpumbavu. Akachukua kitambaa, akafuta meza.

Alhamisi, 26 Septemba
Profesa hata hakushtuka. Anasema niandike nanomita tisini na mbili zilezile, siku tatu za mwisho hazibadilishi kitu, mafuta ni mafuta. Mwongo, tena mvivu hata wa kudanganya. Na Vilmos, anasema, afukuzwe kimyakimya. Barua inasubiri sahihi yangu.
Nimemkuta Vilmos akiosha vikombe. Nikamuuliza: mbona hujitetei?
"Nijitetee nini, Daktari? Nilikuuliza sanduku niliweke wapi. Ukasema popote penye nafasi, angalau leo nifikiri mwenyewe. Nafasi ilikuwa kwenye friza."
Hakusema kwa ubaya. Na kweli nilisema hivyo. Neno kwa neno! Hajamwambia mtu.

Ijumaa, 27 Septemba
Naandikia koridoni, nje ya chumba cha kamati. Barua ya Vilmos haijasainiwa. Kwenye jedwali, mstari wa siku ya tisini ni mtupu. Nikiandika kweli, kamati itakataa, na haikai tena hadi baada ya miaka miwili.
Leo najidharau mwenyewe. Sijazoea.
Vilmos ameniletea kahawa, sukari vijiko viwili, ninavyopenda. Sikuwahi kumwambia. Mimi sijui hata ana watoto wangapi.
Mlango umefunguka. Profesa anaita, furaha tele: "Boróka, binti yangu, tuletee siku ya tisini!"
Kalamu ninayo. Naandika moja, halafu nne, halafu sifuri mbili.