Yangeyange Wangu, Sifa za Zawadi

Jumamosi, Grand Prairie. Joto la leo halina adabu. Asubuhi tu usukani wa gari ulikuwa haushikiki, nami nilikuwa natoka zamu ya usiku na hasira ambazo sikuwa na mtu wa kumpa.

Niseme wazi, maana humu mtandaoni hakuna anayenijua: namwonea wivu rafiki yangu Zawadi.

Si wivu wa gauni wala wa nyumba. Nyumba yake ya Sugar Land, kando ya Houston, nimeiona, nikaisifia kwa moyo mweupe, na biriani yake nikaongeza sahani ya pili. Ninachomwonea wivu ni kinyesi cha ndege.

Nieleze. Nyuma ya nyumba tunazopanga kuna mialoni mikubwa, na kila majira ya kuchipua yangeyange huja kuzalia humo, wale wale weupe wanaofuata ng'ombe kwetu. Miaka yote nimesugua kinyesi chao kwenye kioo cha gari huku nikiwalaani. Zawadi amekuja kutoka Houston, anatandika mashuka chini ya viota, anakikusanya kwenye vichupa, kisha anakwenda kupima homoni ambazo mwili hutoa ukielemewa. Na kwa kinyesi cha namna hiyo sasa anaitwa daktari.

Chuoni Morogoro tulisomea wanyamapori pamoja, na ukweli usemwe, mimi ndiye niliyekuwa mkali. Michoro yangu ya moyo wa ndege ndiyo aliyokuwa akinakili. Nilipofika Texas, shangazi aliyenipokea akaniambia hospitali hazikosi kazi, nikaingia kwenye unesi. Siujutii, unanilisha mimi na binti yangu Nuru. Zawadi hakuwa na shangazi wa kumshauri, akang'ang'ana na wanyama wake mpaka wakamfikisha.

Wiki hii analala kwangu. Aende hotelini mimi nipo? Watu wangenisema mpaka mji wa Mesquite huko. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ila huyu wangu anaamka alfajiri na jembe lake mwenyewe, na kitanda ameshatandika. Hata sababu ya kumnung'unikia hanipi.

Juzi jioni nilipika pilau, nikamwalika jirani yangu Mama Brayo, Mkenya, aje kumsalimia mgeni. Kusikia neno daktari tu, akasukuma sahani pembeni.

"Daktari, hii pressure yangu inapanda kila niki-drive kwenda job. Niache chumvi ama?"

"Mama, mimi ni daktari wa ndege," Zawadi akacheka. "Muulize Tumaini, nesi ni yeye."

"Aah, huyu Tumaini si tunamwona kila siku."

Akatoa dawa zake mkobani na kumwonyesha Zawadi moja moja. Mimi, ambaye kupima presha ndiyo kazi yangu, nikainuka kwenda kuongeza kachumbari ambayo hakuna aliyeiomba.

Leo nimerudi kutoka kazini, nikamkuta Nuru yuko chini ya miti na Zawadi, amevaa kofia ya Zawadi, ameshika vichupa. Mtoto huyu Jumamosi kumtoa kitandani ni vita.

"Mom, this is so cool," akaniambia. "Why didn't you do this?"

Eti kwa nini mimi sikufanya kazi hii. Nikamrekebishia kofia.

Zawadi akaniita nisogee. Upande wa kusini, ambako matawi yalipunguzwa mwaka jana, makinda walikuwa juani midomo wazi, wakipepesa koo. Ndege hatoki jasho. Hujipoza kwa kupepesa koo hivyo, na kadiri anavyopepesa ndivyo anavyopoteza maji. Mama wa kiota kimoja alikuwa amekunjua mabawa awatilie watoto kivuli, kwa hiyo hawezi kwenda kuwatafutia chakula. Zawadi anasema vipimo vya kwanza vya upande huo ni vya miili iliyoelemewa, na makinda wake wana uzito mdogo kuliko wale wa kivulini. Joto likizidi kupanda, tawi moja linaweza kuamua nani ataruka na nani ataanguka.

Nikajikuta naangalia saa yangu, nahesabu pumzi za kinda kama niko wodini. Kwa dakika chache nilisahau kumwonea wivu.

Kisha akanipa kazi. Jumatatu meneja wa nyumba anakutana na wapangaji kuamua kama matawi yaliyo juu ya maegesho yakatwe ndege wakishaondoka. Sheria inawalinda makinda waliomo viotani, kivuli cha mwakani hakuna anayekilinda. Mama Brayo, kwa ajili ya gari lake jipya, anataka yakatwe. Zawadi si mpangaji, hana nafasi ya kuongea.

"Sema wewe, mwenzangu," akaniambia. "Wewe ndiye unayeishi nao."

Mchana huu nimelala kitandani nikiwaza mambo ya roho mbaya. Nikinyamaza, matawi yatakatwa, na mwakani Zawadi atakuwa hana cha kuja kupima hapa. Gari langu litakuwa safi. Nuru atarudi kulala Jumamosi zake.

Nikainuka kuchungulia dirishani. Jua lilikuwa limeshahamia usoni pa yule mama wa kiotani, na mabawa yalikuwa bado yamekunjuliwa.

Basi nitasema. Nimesimama mbele ya kioo cha bafuni nikafanya mazoezi: koo, maji, kivuli, na magari tuyahamishie upande wa pili kila msimu mpaka watoto waruke. Nimeongea vizuri, hata mwenyewe nimejikubali. Nilipomaliza ndipo nikagundua kwamba jina la Zawadi, mwenye maarifa hayo yote, sijalitaja hata mara moja.

Nimerudia tangu mwanzo. Limekataa kutoka.

Jumatatu nitalitaja. Labda mwishoni, watu wakianza kuinuka.