Mahindi ya Akinyi Hayana Kosa

Kisumu Ndogo, Kibera

Mpendwa Mama Ochieng,

Goti lako linasemaje tangu mvua ipungue? Nauliza nikijua hutalipumzisha. Mimi ni mzima, lakini mjukuu wetu Omondi si mzima: vidole vimemvimba.

Ujumbe wako umefika: kwamba Akinyi alipanda mahindi huko nyumbani kabla yako, mama mkwe wake, na ndiyo maana mtoto ameshikwa na chira, laana ya mwiko. Basi mtoto aletwe anywe dawa ya miti, wazee wakutane Jumapili, na Akinyi arudi kwao. Mwanetu Ochieng anayumba. "Mzee, mathe akisema, nani atabisha?" Akinyi alisimama mlangoni, kama heshima inavyotaka, akaniambia, "Baba, mvua ilinyesha, nikapanda tu. Sikujua Mama bado hajapanda."

Nivumilie nieleze. Muuza omena wa hapa hunicheka: "Mwalimu, mtu akikuuliza saa, unaanzia kwa jua."

Daktari wa Kawangware alipima damu ya mtoto. Ni selimundu: chembe za damu hujikunja kama mundu na kuziba njia. Sasa, ndani ya seli mna uzi mrefu wa urithi, uliozungushwa kwenye vigurudumu vya protini, karibu mara mbili kwa kila kimoja. Mwanafunzi wangu wa zamani, aliye chuo kikuu, amenionyesha picha mpya ya uzi huo. Protini nyingine huja kuvishika vigurudumu hivyo. Baadhi huulegeza uzi, maagizo yake yasomeke; baadhi huukaza, yafungike. Mtoto huzaliwa na damu ya tumboni, isiyo na kasoro hiyo. Miezi ikipita, maagizo yake hufungwa, ya damu ya ukubwani yakafunguliwa, na ugonjwa ukajitokeza. Baadhi ya protini zinazofunga zimejulikana; nyingine wataalamu bado wanatafuta. Vidole vya Omondi vingevimba wakati uleule hata kama shamba lingelala bila mbegu.

Ugonjwa huu hutoka kwa wazazi wote wawili. Sehemu ya Ochieng imetoka kwetu, na nadhani sote wawili tunayo. Unakumbuka viganja vilivyovimba vya marehemu kifungua mimba wetu, alivyolia ukimgusa. Mama yangu alisema ulivuna kabla yake. Umelibeba neno hilo mpaka leo. Hukuvunja kitu.

Waambie wazee wasikutane Jumapili. Mtoto abaki karibu na kliniki, na mamake abaki naye.

Nisalimie dada yangu na katekista. Na ukimkuta mkwe wetu, mamake Akinyi, sokoni, tafadhali uanze wewe kumsalimu.

Wako daima,
Baba Ochieng