Mtoto Niliyemwona Kwenye Kioo

Kagoma, Muleba
9 Machi 2025

Mpendwa Shangazi Anatolia,

Shikamoo waitu, mpenzi wetu. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Songea? Huku mvua zimeanza, maharage yamechipua, kahawa haijambo. Mimi ndiye si mzima, Shangazi, na wewe siwezi kukuficha.

Ile mimba niliyokudokezea imeharibika, kama mbili za kwanza. Ultrasaundi ya Bukoba ilionyesha moyo wa mtoto umesimama. Tukapelekwa hospitali kubwa ya mbali. Kabla ya kunisafisha kizazi, daktari aliomba apitishe mrija mwembamba wenye kamera kwenye njia ya uzazi, amwangalie mtoto mwenyewe, tujue kwa nini watoto wangu hawakai. Nilikubali. Wilbert alinishika mkono.

Nilimwona kwenye kioo cha ile kamera. Mdogo kama harage, lakini ana vijimikono, Shangazi! Uso haukujengeka sawasawa. Daktari alichukua kinyama kidogo akapime, nasi sote wawili tukatolewa damu. Majibu yakaja kwamba kasoro inatoka kwa Wilbert. Si ugonjwa wala si kosa lake, ila inaweza kujirudia.

Sasa mama mkwe anawaambia majirani kwamba kamera ndiyo iliyomuua mtoto. Kwamba mtoto hachunguliwi tumboni, nami nikaruhusu achunguliwe. Ule mgomba alioutenga kibanjani, kwenye shamba hili la ukoo, tuje tuzike kitovu cha mtoto chini yake, ameukata. Ananipita bila salamu. Na Wilbert, anayejua kuwa moyo ulisimama kabla ya kamera, anakula ndizi zake kimya.

Juzi nilimsihi amwambie mama yake ukweli. Akanijibu taratibu, "Wewe unaweza kuzaa na mwingine. Mimi nikisema, nitabaki nani katika kibanja hiki?"

Nikisema mwenyewe wataniona nakwepa lawama. Na bado nampenda, mjinga mimi. Nimechoka hata kulia.

Wewe ndiye uliyenisindikiza hapa siku ya harusi, na wewe tu ndiye wa kunitoa. Njoo, tafadhali. Muulize Wilbert mbele ya mama yake. Akinyamaza hata mbele yako, tuondoke wote.

Mpe Mzee Byarugaba shikamoo yangu. Evodia wenu nasikia amejifungua salama. Mpakate mtoto wake kidogo kwa niaba yangu, uniambie ana uzito gani mikononi.

Bikira Maria akutangulie njiani.

Binti yako akupendaye, akungojaye,
Joanitha