Mlima Uliouacha Bila Barafu

Tata,

Baba yangu, mlima wa mwisho uliouchonga nimeumaliza jana. Uliuacha dirishani, mweusi tii kutoka chini hadi kileleni, ukasema utakwangua barafu Jumapili, Sabato ikishapita. Jumapili hiyo ilitukuta mochari.

Hapa kijijini Tabaka wanaojua kuchonga jiwe la sabuni, hili jiwe letu laini jeupe, ni wengi, lakini barafu ilikuwa yako. Ujanani uliwabebea wageni mizigo Mlima Kenya, ukarudi unajua weupe unaanzia wapi. Kila mlima uliupaka rangi nyeusi kote, halafu kwa kisu kidogo ukakwangua kileleni mpaka jiwe jeupe litokee. Mimi nilipewa msasa tu. Nikisogelea kisu ulisema, "Kemunto, hapo acha. Hapo ni barafu." Ilinikera, Tata. Hata leo inanikera kidogo.

Unakumbuka nilipouweka mmoja karibu na meko ya Mama ukauke haraka? Masizi yaliingia kwenye weupe, ukaninunia siku mbili.

Baada ya mazishi mnunuzi alikuja kuulizia mlima aliokuwa ameagiza. Nilishika kisu, nikakiweka chini. Ningekwangua hadi wapi? Rangi ikishatoka imetoka. Basi nikapanda Mlima Kenya kujionea mwenyewe. Usicheke, nilitapika mara mbili njiani.

Tata, barafu imeisha, karibu yote. Niliutafuta weupe wako nikaona mawe. Kimebaki kipande kichafu kati ya miamba. Aliyeniongoza alisema joto limezidi, na moshi wa huku chini, wa magari na wa mioto, hupanda ukatua juu ya barafu. Ikishachafuka hivyo inavuta jua, inayeyuka haraka zaidi. Nikakumbuka meko ya Mama. Nililia palepale. Nilikuwa nimepanda kukutafuta wewe, na hata huko hukuwepo.

Mnunuzi alitaka kilele chote cheupe, kama milima uliyomuuzia zamani. Mimi nimekwangua kipande kidogo tu, sawa na ukucha wa kidole changu cha mwisho. Chini yake, pale ulipozoea kuanzia, nimechora mstari mwembamba kuuzunguka mlima. Hakuupenda, nami sikumbembeleza. Mlima umerudi dirishani.

Lala, Tata. Msasa nimempa Mama, kisu ninacho mimi. Na yeyote atakayeuliza mstari ule ni wa nini, nakuahidi nitamwambia: baba yangu alikanyaga barafu kuanzia hapa.

Kemunto wako