Vichaka vya Shemeji

Nyumbani,
Nyuma ya mashine ya kusaga.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Habari za huko, na kile kikohozi ulichokilalamikia kimekuachia? Sisi tu wazima, ila vumbi limetufanya wote rangi moja. Mama anakula, anasali na kutusema kama kawaida, kwa hiyo hajambo kabisa.

Sasa ni miezi saba bila mvua. Bondeni hakuna hata unyasi, na majirani wawili wameshahama na mifugo yao. Ndiyo maana barua yako iliponiagiza nimuuzie mchinjaji ng'ombe wa maziwa na mbuzi wote kumi na mmoja kabla hawajafa, sikubisha. Nilikwenda kuzungumza naye siku hiyo hiyo.

Lakini Kaka, mkeo! Unavikumbuka vile vichaka vya majani ya kijivu, ambavyo bwana mifugo alimpa miche yake miaka mitatu iliyopita, akavipanda upande wa mawe? Mimi na wewe tulicheka mpaka tukashika mbavu, tukapaita shamba la kuni. Leo ndipo mahali pekee penye majani, nami sina pa kuficha uso.

Kila asubuhi anakata matawi, na kila kichaka anakiachia nusu ya majani yake ili kichipue tena. Anayatandaza kivulini yanyauke, kisha anayachanganya na mabua makavu ya mahindi: beseni moja la majani kwa mabeseni mawili ya mabua. Hakosei hata siku moja.

Nami nikajifanya mjuaji. Siku aliyompeleka mtoto kliniki, niliona kukata ni kujisumbua bure, nikawafungulia mbuzi wajilie wenyewe. Kumbe majani yale yana chumvi! Kufika jioni walikuwa wamemaliza pipa la maji ya siku tatu, na bado wanalia. Shemeji alirudi, akalitazama pipa, akanitazama mimi. "Shemeji, wewe endelea tu kushona viatu," akasema.

Mchinjaji alikuja Jumatano na kamba yake. Nilikuwa sijapata ujasiri wa kumwambia Shemeji habari za barua yako. Shemeji alisimama mlangoni pa zizi akasema, "Huyu nimemlisha kwa mikono yangu, na mimba yake ina miezi minane. Anayemtaka aanze na mimi." Mchinjaji akampapasa ng'ombe mbavu, akaikunja kamba. "Mimi niliambiwa nakuja kuchukua mifupa," akasema. "Huyu mwacheni azae."

Basi sikuuza, Kaka, wala sitauza. Siku hiyo ndipo Shemeji alipojua kwamba agizo limetoka kwako. Alichukua panga akarudi kukata majani. Hilo liliniuma kuliko matusi. Miaka mitatu amehangaika peke yake kwa ajili ya mifugo yako, na barua zote unaniandikia mimi. Kama una hasira, zilete kwangu, nitazibeba. Ila shukrani mwandikie yeye, kwa jina lake, kwa mkono wako mwenyewe.

Mama, shangazi na wanao wote wawili wanakusalimu sana. Mungu akulinde na akurudishe salama.

Ni mimi mdogo wako,
nikupendaye hata nisipokutii,
Fundi Viatu.