Kaka, Radio Haikuzimwa

Kaka Dezire mpendwa,

Hilo neno la mwisho nimeliandika, nikalifuta, nikaliandika tena. Nimeliacha kwa ajili ya Mama, maana ameketi hapa karibu na yeye bado anakupenda. Mimi bado sijajijua.

Unakumbuka tulivyokuwa majasusi? Tukitoka shule ulinipitisha kwenye kibanda cha jirani yetu, Papa Redio, fundi aliyetengeneza radio za mtaa mzima. Alikuwa anatuwekea zile zilizokufa kabisa. Ulinipa moja, ukachukua moja, ukaenda kujibanza nyuma ya jiko na kunong'ona, "Jasusi wa pili, unanisikia?" Nami nilijibu kwa sauti ya kuita mbuzi. "Jasusi hapigi makelele, weye!" ulinigombeza. Papa Redio alicheka mpaka bisibisi ikamtoka mdomoni. Hakuna mtu mzima mwingine aliyecheza na sisi.

Siku watu wenye bunduki walipoingia mtaani kwetu hapa Bunia, wewe hukuwapo. Ulikuwa Aru, mji wa mbali, kwa mjomba. Walikuwa wanatafuta watu wa kwetu, wa kabila letu, nyumba kwa nyumba, mchana kweupe. Papa Redio ni wa upande wao, na kila mtu alilijua hilo. Alikuja kwetu kupitia mlango wa nyuma, akatushika mkono mimi na Mama, akatupandisha kwenye dari ya nyumba yake. Mama alikuwa na kikohozi kibaya wiki ile. Tulipowasikia wameingia, Mama alijiziba mdomo kwa kitenge, lakini kifua chake kilikuwa kinaruka. Basi Papa Redio akawasha radio. Akaifungulia mpaka mwisho, nyimbo zikajaa nyumba nzima, na Mama akakohoa ndani ya zile nyimbo. Walimwambia azime. Akakataa. Akawaambia anaijaribu, ni ya mteja. Wakampiga na kitako cha bunduki kwenye sikio. Radio haikuzimwa. Waliondoka, na tangu siku ile fundi wa radio anasikia kwa sikio moja.

Hayo Mama alikusimulia wewe mara moja tu, ulipokuwa unajiandaa kwenda Canada kusomea kazi yako ya michezo ya video. Mimi nilikuwapo. Alimalizia hivi: "Dezire, hii maneno ibakie hapa. Watu wake hawajue kama alituficha. Wakijua, watamuita musaliti." Ukasema, "Minasikia, Mama." Ulishika hata mkono wake.

Sasa nikueleze tulivyoupokea mchezo wako, maana wewe umesoma ya wakosoaji tu.

Siku mchezo ulipotoka, Mama aliitisha wamama wa kwaya. Alisema, "Mwana wangu iko naandika hadithi za mchezo, na wazungu banacheza." Mimi kama mwalimu wa Kifaransa nilipewa kazi ya kusoma kwenye simu yale yaliyoandikwa na wakosoaji na kuyageuza kwa Kiswahili. Nilisoma kwa madaha, kaka! Mmoja alilalamika kwamba walinzi wa adui ni kama vipofu, jasusi anapita mbele yao na hawamwoni. Wamama wakacheka. Mwingine alisema kupanda kuta kunachosha, na mapigano ya bunduki hayana ladha. Mama alikunja uso. Nikamtuliza kwamba hiyo si kazi yako, wewe ni wa hadithi, na hadithi wote wanaisifu. Nikaendelea. "Lakini kuna sehemu moja," nikasoma, "ambayo hakuna mchezaji atakayeisahau. Jasusi amejificha kwenye dari, katika mji wa mashariki ya Congo, pamoja na mama anayekohoa na mtoto wake. Chini yao fundi wa radio, rafiki yao, amewasha nyimbo ili kikohozi kisisikike..."

Mama aliacha kuchambua maharagi.

Nilipaswa kusimama hapo. Lakini macho yalikuwa yameshakwenda mbele, na mdomo ukayafuata. "Halafu, mbele ya askari, fundi ananyoosha mkono na kuizima radio. Katika ule ukimya, mama anakohoa. Ni usaliti mzuri kuliko wote tuliocheza mwaka huu."

Nikashusha simu. Mama akasema, "Endelea."

"Yameisha, Mama."

"Haiyaisha. Soma."

Basi nikasoma. Wote, kaka, wote walikuwa wamesifu palepale. Mmoja alisifu ule ukimya. Mwingine alimsifu Papa Redio, kwa jina lake hilohilo, akisema ni adui aliyeandikwa kwa ustadi, kwa sababu unampenda kabla hajakuuza. Mwingine tena, pamoja na sifa zake, alichoshwa na huyo mama: alisema kikohozi chake kinaudhi, na kwamba afadhali jasusi angekuwa peke yake. Hilo nilimficha Mama. Mwisho kulikuwa na mazungumzo yako na mwandishi mmoja. Ulisema sehemu hiyo imetoka katika maisha yako mwenyewe. Ukataja Bunia. Ukasema bado unakisikia kile kikohozi ukilala.

Ulikuwa Aru, Dezire.

Wamama waliondoka bila kuaga vizuri. Walikuwa wanamjua Papa Redio.

Nilikupigia simu kesho yake. Nilitaka uniambie kwamba wamekugeuzia maneno, kwamba ulipigania ukashindwa. Ungesema hivyo tu, hata kwa uongo, ningekuamini. Badala yake ulinipa somo. "Neema, ni mchezo. Nilipowapa ile ya kweli, wakubwa wa kazi walisema ni tamu lakini haina mshangao. Mtu mwema hashangazi mchezaji. Nilivyoigeuza tu, wakasimama kunipigia makofi."

Kwa hiyo ni wewe uliyenyoosha mkono na kuzima.

"Na jina lake?" nilikuuliza.

"Jina lina ladha. Na nani huko Bunia atacheza?"

Walicheza, kaka. Huku kwetu kuna vijana, kuna mashine, kuna nakala zisizo halali zinazofika kabla ya mvua. Kwenye ile nyumba ya kuchezea michezo karibu na soko, walikuwa wanapanga mstari kwa ajili ya mchezo wenye mji wao ndani. Haikupita muda, vijana wa kwetu wakaanza kupita kwenye kibanda chake na pikipiki wakipiga kelele, "Papa Redio! Zima!" Yeye aliwapungia mkono. Kwa sikio lile alidhani wanamsalimia.

Wa upande wake nao wakamfuata, wazee wawili wa heshima. Swali lao lilikuwa lingine: kumbe siku ile alikuwa na watu darini?

Papa Redio alikuja nyumbani mchana mmoja, amevaa koti lake la ibada. Alikaa kwenye kiti kilekile ulichokuwa unakimbia kumletea ukimwona. Akanigeuzia sikio zima na kuniuliza polepole, "Mutoto wangu, weye ulikuwa juu kule. Nieleze kweli. Niliizima?"

Nililia. Alikuwa hatanii. Watu wengi walikuwa wameshamwambia mpaka akaanza kujichunguza.

Mama alimjibu akiwa amesimama. "Papa, ungeizima, mimi singekuwa hapa kukupatia chai." Kisha akamwomba ruhusa ya kusema mbele ya watu kile alichokifunga kinywani miaka yote. "Sema," alisema mzee. "Wakinichukia, banichukie kwa ile nilifanya."

Jumapili kanisani, wakati wa matangazo, Mama alikwenda mbele. Yule mama ambaye hata kusoma somo huwa anakataa. Alisimulia yote: mlango wa nyuma, dari, nyimbo, sikio. Alisema, "Yule wa mchezo ni uongo. Na aliyeandika uongo ni mwana wangu mimi." Kijana mmoja wa pikipiki alikwenda kupiga magoti mbele ya Papa Redio. Lakini familia mbili za upande wake zilisimama zikatoka, na kuanzia hapo watu wake hawakumpelekea radio tena. Mwezi haujaisha alifunga kibanda, akaenda Mambasa kwa binti yake. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Hakusema neno baya juu yako. Aliuliza tu kama huko uliko kuna baridi sana.

Niliwaza sana kuhusu mtu mwema asiyeshangaza. Kaka, mimi nililala kwenye mbao zile. Nilikuwa namtazama kupitia tundu la dari, damu inamtoka sikioni, mkono wake umeifunika radio. Kila mtu tuliyemjua siku ile alikuwa ametuacha. Sijawahi kushangaa namna ile tena katika maisha yangu. Ulikuwa na mshangao huo mkononi, bure, kutoka kinywani mwa mama yako, ukawauzia wageni kile ambacho tayari wanakiamini juu yetu.

Jana umetuma ujumbe wa sauti. Unasema mchezo unatajwa kwa tuzo ya hadithi, na kwamba unakuja na watu wa kamera kuonyesha nyumba yenyewe na dari yenyewe. Nilimsikilizisha Mama. Aliomba arudie kuusikia, nadhani kwa ajili ya sauti yako. Halafu akasema, "Mwambie aje peke yake. Na asianzie hapa."

Kwa hiyo nakuambia. Ukishuka uwanja wa ndege, usije nyumbani. Tafuta gari ya Mambasa. Barabara ni mbaya, unaijua. Ukifika, uliza fundi kutoka Bunia, watakuonyesha. Kaa upande wake wa kulia, ndiko anakosikia, na umwambie kwa kinywa chako ni nani aliyeizima.

Akikuruhusu, njoo. Mama atakuwa amepika.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Neema